Mzee wa Makazini ni Mwananchi, Si Mgeni wa Serikali

(Hotuba iliyotolewa kwenye kongamano la vijana wa wilaya, mada ya pili ya siku. Tumeiweka hapa kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wanachama na wapenzi wa chama ambao hawakuweza kufika.)



  Wazee wangu, najua viti hivi vya plastiki si rafiki wa mgongo, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Nimepewa mada ambayo baadhi yenu mlipoiona kwenye ratiba mliguna. Haki za wazee wanaoishi kwenye makazi ya wazee. Mmoja kanishika mkono pale nje akaniambia, "Kamanda, vijana hatuna ajira, wewe unatuletea habari za wazee?" Swali zuri, na nitalijibu hapahapa mbele ya wote.

Aliyezaliwa mwaka 2000 atatimiza miaka 60 mwaka 2060. Kwa sera ya nchi hii, mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sasa tazama jirani yako hapo ulipokaa. Ni bodaboda? Ni machinga? Anauza mtumba, anasuka nywele, anapiga debe stendi? Nani kati yetu anakatwa mchango wa mfuko wa hifadhi kila mwezi? Nyoosheni mikono. Haya, mikono ninayoiona haifiki hata kumi, na ukumbi umejaa. Maana yake wengi wetu humu tunaelekea uzeeni bila pensheni. Tutategemea watoto, kama watakuwepo na kama watakuwa na kitu. Ikishindikana, tutategemea serikali. Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniuliza pale nje, namna nchi inavyomtendea mzee aliyeko makazini leo ndiyo namna itakavyokutendea wewe.

Sasa tuingie kwenye mada.

MAKAZI YENYEWE NI YAPI?

Wengi wetu hatujawahi kufika. Ukiwa Dar es Salaam, yapo makazi ya Nunge, kule Kigamboni. Ukienda Mwanza kuna Bukumbi, Shinyanga kuna Kolandoto, Tabora kuna Ipuli, Moshi kuna Njoro, Morogoro kuna Fungafunga, Singida kuna Sukamahela. Haya ni ya serikali, yako chini ya wizara yenye dhamana ya ustawi wa jamii. Yapo pia ya mashirika ya dini na ya watu binafsi. Visiwani Zanzibar kuna Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja.

Nani anaishi humo? Hapa kuna uongo mmoja ambao lazima tuuvunje. Watu wanasema, "Hao ni wazee ambao watoto wao wamewatelekeza, sisi Waafrika hatuna utamaduni huo." Ni kweli wapo waliotelekezwa. Lakini hiyo ni sehemu tu ya habari.

Wapo waliougua ukoma. Baadhi ya makazi haya yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, mtu alipelekwa huko akiwa kijana, akatengwa na kijiji chake. Akapona. Akazeekea humohumo kwa sababu huko alikotoka hakuna tena anayemjua.

Wapo waliotoka mbali kuja kukata mkonge, wale walioitwa manamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii iliongoza duniani kwa mkonge. Fedha za kigeni zilizotusukuma miaka ile ya mwanzo ya uhuru, sehemu kubwa ilitoka kwenye mikono ya watu hawa. Mashamba yalipoanguka, mwenye shamba aliondoka zake. Aliyekata mkonge akabaki bila kiinua mgongo, bila ardhi, bila ukoo wa kurudi.

Na wapo akina mama wa Kanda ya Ziwa na Tabora, waliokimbia mapanga. Tusemezane ukweli hapa. Mama amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, halafu mtu anasema huyo ni mchawi. Mara nyingi nyuma ya huo uchawi kuna shamba, kuna mtu anataka kurithi kabla ya wakati. Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, enzi za mkoloni, na kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya sheria hiyo. Lakini mama huyu ndiye aliyehama kwake. Aliyemtuhumu yuko shambani analima.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema makazi ya wazee ni habari ya watoto wasio na adabu, mwambie hapana. Serikali na jamii ina deni kwa watu hawa. Na deni halilipwi kwa huruma.

KATIBA INASEMAJE?

Vijana wa chama hiki tunapenda Katiba, si ndiyo? Tunaimba katiba mpya kila siku. Haya, tuifungue hii tuliyonayo, ya mwaka 1977.

Ibara ya 11 inasema mamlaka ya nchi itaweka utaratibu unaofaa wa kufanikisha haki ya kufanya kazi, haki ya kupata elimu, na haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Uzee umetajwa kwa jina kabisa, tena kama haki.

Mnapiga makofi? Subirini kwanza. Rudini nyuma kidogo, ibara ya 7, ibara ndogo ya 2. Pale panasema masharti ya Sehemu hiyo ya Pili hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Yaani mzee akienda mahakamani na ibara ya 11 mkononi akasema, "Mheshimiwa Jaji, serikali haikuniwekea utaratibu," jaji atamwambia kwa upole kwamba mikono yake imefungwa. Haki imeandikwa ukurasa mmoja, na ukurasa mwingine mlango umefungwa kwa kufuli.

Ndiyo maana nasema hoja ya katiba mpya haihusu vyama tu, au tume ya uchaguzi tu, au matokeo ya urais tu. Kipande kimoja cha hoja hiyo ni kutoa haki ya mtu wa uzeeni kwenye sehemu ya maneno mazuri na kuipeleka kwenye sehemu ya haki zinazodaika mahakamani. Mkienda vijijini kueleza katiba mpya, anzeni na hilo. Bibi yako atakuelewa haraka kuliko ukimweleza madaraka ya rais.

Zipo ibara nyingine ambazo zina nguvu mahakamani. Usawa na heshima ya mtu, ibara ya 12. Faragha, ibara ya 16. Uhuru wa maoni, ibara ya 18. Haki ya kupiga kura, ibara ya 5. Hizi haziishi mtu anapofikisha miaka 60, wala haziachwi getini anapoingia makazini.

Lakini hata hapo kiliwekwa kigingi. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi. Zamani mwananchi au shirika lingeweza kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya umma. Marekebisho yale yakamtaka anayefungua shauri aape kwamba ukiukwaji umemgusa yeye binafsi. Fikirieni mzee wa miaka 82, haoni vizuri, hana simu, nauli hana, na anayempa chakula ni huyohuyo anayetaka kumlalamikia. Eti aende mwenyewe! Watu waliopitisha mabadiliko yale walijua wanamfungia nani mlango? Mimi sijui walichofikiri, lakini aliyefungiwa tunamjua.

SERA TUNAYO, SHERIA HATUNA

Tanzania ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003. Ilisifiwa, na ilistahili sifa. Ilisema wazee ni hazina, ilisema watapata matibabu, ilisema watashirikishwa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo ikasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure.

Sasa tuulizane: kuna mtu humu amempeleka babu yake hospitali ya serikali? Nini kilitokea? Dirisha la wazee lipo, tena limeandikwa vizuri. Daktari anamwona. Halafu anaandikiwa dawa na kuambiwa hiyo haipo hapa, mkanunue duka la nje. Matibabu ni bure ila dawa uje nayo wewe. Kwa mzee aliyeko kwa mwanawe, mwana atakopa. Mzee wa makazini atamkopa nani?

Hapo ndipo mnaona tofauti ya sera na sheria. Sera ni ahadi ya serikali kwa nafsi yake. Ikivunjwa, hakuna wa kushtakiwa. Sheria inasema nani awajibike, kwa muda gani, na asipowajibika afanywe nini. Bara tumekaa na sera zaidi ya miaka 20, sheria mahususi ya wazee hatuna. Wenzetu wa Zanzibar walishatunga sheria ya masuala ya wazee mwaka 2020.

Kimataifa nako si kwamba hakuna mwongozo. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni 18 kuhusu wazee. Moja inasema wazi kwamba mtu mzima anayeishi kwenye makazi au kituo chochote cha matunzo anabaki na haki zake zote: aheshimiwe utu wake, imani yake, mahitaji yake na faragha yake, na aamue mwenyewe kuhusu matunzo yake na maisha yake. Umoja wa Afrika nao ulipitisha itifaki ya haki za wazee Januari 2016, Addis Ababa. Itifaki hiyo inazitaka nchi zihakikishe kwamba kuishi kwenye makazi ni hiari ya mzee, na kwamba huduma zinafuata viwango vya chini vya kitaifa.

Yashikeni hayo maneno mawili: hiari, na viwango.

MAISHA YA NDANI

Nimewahi kutembelea makazi zaidi ya mamoja, na wenzangu wa tawini. Sitataja ni wapi, kwa sababu wazee wale bado wako pale na wahudumu wale bado wako pale, na mimi baada ya hapa nitarudi nyumbani kwangu.

Kwanza niwatendee haki wahudumu. Nilikuta mhudumu mmoja anaosha, anapika, anageuza wagonjwa kitandani, na usiku ndiye huyohuyo anayeamshwa. Kwa miaka magazeti yetu yameandika habari ya uhaba wa wahudumu na majengo chakavu kwenye makazi haya, na sitarudia. Mtu wa namna ile si adui yetu. Tukimshambulia yeye tumekosea shabaha, aliyemwacha peke yake ndiye wa kuulizwa.

Lakini kilichonigusa zaidi hakikuwa bati linalovuja. Ni mambo madogo. Wageni wanaingia chumbani bila hodi, na mzee yuko nusu uchi. Mzee hajui chakula cha kesho ni nini, na hajawahi kuulizwa anapenda nini. Haruhusiwi kutoka kwenda sokoni mpaka aombe, kama mtoto wa shule ya bweni. Mwenzake kitanda cha pili kafariki, ameona tu godoro limetolewa, hakuambiwa atazikwa lini ili naye akarushie udongo. Bibi mmoja aliniambia nguo anazovaa ni za msaada zote, na hajachagua rangi ya kanga yake kwa miaka. Mwanamke wa Kitanzania, jamani, hachagui kanga!

Na kuna hili la wageni. Kikundi kinakuja na katoni za sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Wazee wanapangwa mstari juani. Bango linafunguliwa. Kiongozi anashika mfuko wa sukari upande mmoja, mzee anashika upande mwingine, wanaangalia kamera mpaka picha itoke vizuri. Jioni picha iko mtandaoni. Vyama vyote vinafanya hivi, na cha kwetu kisijitoe. Mzee aliyewahi kuwa na shamba, mke, ng'ombe na jina kijijini kwake, anajikuta ni pambo la picha ya mtu. Nani alimwomba ruhusa? Misaada ni mizuri, sipingi. Lakini sukari ikiisha wiki ijayo, haki yake iko wapi?

Ukiyapanga mambo haya unaona kwamba mengi hayahitaji bajeti. Kubisha hodi ni bure. Kumuuliza mtu anataka kula nini ni bure. Kumwambia mazishi ni saa ngapi ni bure. Kwa hiyo yule anayejibu kila kitu kwa kusema serikali haina hela, muulizeni: hela ya kubisha hodi nayo inatoka Hazina?

NA HELA JE?

Sasa twende kwenye hela, maana nayo ina hoja yake.

Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea. Kila mzee, awe aliajiriwa au alikuwa mvuvi, tajiri au maskini. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nao wanalipa shilingi zao 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii. Si fedha nyingi. Lakini mzee mwenye shilingi 50,000 yake anaweza kununua dawa ya macho, anaweza kumpa mjukuu hela ya daftari, anaweza kuchagua kanga. Tena, na hili ni muhimu kwa mada yetu, mzee mwenye kipato chake haonekani mzigo nyumbani. Wengine wasingefika makazini kabisa.

Serikali ya Zanzibar inaongozwa na chama kilekile kinachoongoza bara. Kwa hiyo hawawezi kusema hawajui inafanywaje. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha wazee wa miaka 60 na zaidi nchini ni kama milioni 2.5, yaani asilimia 5.6 ya watu wote, na watu tumeongezeka mpaka zaidi ya milioni 61 kwenye sensa ya 2022. Ukianzia miaka 70 kama walivyofanya Zanzibar, idadi inapungua sana. Ni jambo la kupanga na kuanza, si la kuogopa.

Kuna mtu atasema: hawa hawasikii, tutapiga kelele bure. Nawakumbusha habari ya kikokotoo. Mwaka 2018, baada ya mifuko kuunganishwa, kanuni mpya zilitaka mstaafu apewe mkupuo wa asilimia 25 tu. Wafanyakazi wakapiga kelele, Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akasitisha. Julai 2022 ikaja kanuni ya asilimia 33. Kelele tena, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha mpaka 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50. Hatujafika tunakotaka, lakini mnaona namba zinavyosogea? Zinasogea kwa sababu walimu, manesi na wafanyakazi wengine wana vyama, wana sauti, wana kura inayohesabiwa.

Na upande wa pili wa funzo ni wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, mkataba wa kugawana mali na madeni ukasainiwa 1984. Wazee wale wa reli, bandari, posta na ndege walidai mafao yao miaka nenda miaka rudi, wakafika mpaka kuziba barabara katikati ya Dar es Salaam, wazee wa fimbo mkononi. Wengi wamezikwa wakiwa na makaratasi yao kwenye bahasha. Tofauti ya makundi haya mawili mnaiona? Aliyeko kazini anaogopwa kidogo. Aliyetoka kazini anasubiriwa afe.

Mzee wa makazini yuko chini zaidi ya hao wote. Hana chama, hana mwajiri wa kumgomea, hana hata barabara ya kuziba. Asiposemewa, hasikiki.

TUNADAI NINI?

Mimi napendekeza jumuiya yetu iyabebe mambo matano, tuyapeleke kwenye chama yaingie kwenye ilani.

Moja, sheria ya wazee Tanzania Bara, yenye sehemu inayohusu makazi ya wazee, ya serikali na ya binafsi. Iseme wazi kwamba mzee anaingia kwa hiari yake, anatoka akitaka, na hawezi kuhamishwa kituo bila kuulizwa.

Mbili, viwango vya chini vinavyobandikwa ukutani kwa Kiswahili cha kusomeka: chakula, maji, dawa, wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, faragha ya kuoga na kulala. Kilichobandikwa ukutani kinadaika.

Tatu, baraza la wakazi katika kila makazi, lililochaguliwa na wazee wenyewe kwa kura. Likae na afisa mfawidhi kila mwezi, mihtasari iandikwe. Bajeti ya makazi isomwe mbele yao kama mapato na matumizi yanavyosomwa kwenye mkutano wa kijiji.

Nne, njia ya malalamiko isiyopita mezani kwa yule anayelalamikiwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imewekwa na Katiba, ibara ya 129, na kazi yake mojawapo ni kupokea malalamiko ya uvunjaji wa haki. Basi ifike makazini bila taarifa, ikae na wazee faraghani, itoe ripoti hadharani.

Tano, pensheni jamii kwa wazee wote bara, na inayomhusu mzee wa makazini ilipwe mkononi mwake yeye. Isije ikasemwa, "Huyu anakula na kulala bure, ya nini tena?" Mtu mzima kuwa na hela yake mfukoni ni sehemu ya utu wake.

SISI TUFANYE NINI?

Hatuna dola. Lakini tuna miguu, tuna simu, na tunao madiwani na wabunge wachache.

Kila tawi litafute makazi ya wazee yaliyo karibu. Nendeni kwa utaratibu, ombeni kibali, msiende kufanya vurugu. Mkifika, simu ziwe mfukoni. Picha ya mzee isipigwe bila yeye mwenyewe kukubali, na hata akikubali, jiulizeni ya nini. Nendeni mkae chini mzungumze. Ulizeni: mzee, jina lako kamili nani? Kitambulisho cha taifa unacho? Umejiandikisha kupiga kura? Ulitoka wapi, shamba lako nani yuko nalo? Siku ya uchaguzi nani anakufikisha kituoni? Andikeni kwenye daftari.

Na hapo kwenye kura naomba mnielewe vizuri. Hatuendi kuwafundisha wazee wampigie nani. Mzee akiniambia yeye ni wa chama kile kingine tangu enzi za TANU, nitampeleka kituoni hivyohivyo. Haki yake haina kadi ya chama. Tukianza kuchagua wazee wa kuwasemea, tumekuwa kama wale tunaowapinga.

Mkishapata majibu, leteni kwa diwani wetu. Atakapouliza kwenye baraza la madiwani ataambiwa, "Makazi hayo ni ya wizara, hayatuhusu halmashauri." Asikae chini! Halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, ina zahanati, ina vituo vya afya, ina barabara ya kufika pale. Aulize dawa za wazee ziko wapi, mara ya mwisho afisa wetu alifika lini. Ya wizara tutampa mbunge aulize bungeni, iandikwe kwenye kumbukumbu, ibaki.

Wanasheria vijana mliomo humu, mna kazi maalumu. Sheria ikimtaka aliyeumizwa afungue shauri mwenyewe, basi mfuateni aliyeumizwa, mkae naye, mwandikeni kiapo chake kwa maneno yake, msimame naye. Shauri moja la mzee mmoja lililoandaliwa vizuri linaweza kufungua mlango kwa wote.

Na wale ambao hamna taaluma yoyote, msijidharau. Mzee aliyetembelewa kila mwezi na kijana anayejua jina lake ni vigumu kumdhulumu. Mdhulumaji anapenda mtu asiyetafutwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza muda wangu, naona katibu ananionyesha saa. Niseme moja la mwisho. Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani. Kila mwaka kuna maadhimisho ya kitaifa, fulana, mgeni rasmi, hotuba. Mwaka huu wakati mgeni rasmi anahutubia, naomba kila tawi liwe na majibu ya maswali yale kutoka makazi moja angalau. Tuyapeleke kwa maandishi kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa wizara, nakala kwa Tume. Tugongewe muhuri wa kupokelewa, tuhifadhi nakala yetu. Baada ya siku 30 turudi kuuliza.

  Maswali nitayapokea, na naomba wazee waanze.